Ndoa ya Dada Yangu Ilivyochezwa Nairobi

Timu ya taifa ikicheza, mimi hulala. Wenzangu wa kazini wameshanizoea. Wanakusanyika mbele ya televisheni na karanga zao, wanaanza kelele kabla hata wachezaji hawajapanga mstari, na mimi nikishapata kiti chenye mahali pa kuegemeza kichwa, hafutaimu hainikuti macho. Wanadhani ni majivuno ya mtu aliyesoma. Mmoja aliniambia kuwa vitabu vimenikausha. Huenda. Lakini katika maisha yangu nimesikiliza mechi moja tu kwa makini, mwanzo hadi mwisho, na uchovu wake haujanitoka mpaka leo, nami sasa naukaribia uzee.

Mechi yenyewe sikuiona. Ilichezwa Nairobi, na mimi nilikuwa Pemba, katika kijiji kimoja si mbali na Konde, nimekaa juu ya kiti pekee kilichokuwamo nyumbani kwa shemeji yangu, nikiwatafsiria watu maneno ya Mzungu aliyekuwa ndani ya redio.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu cha bara. Nilikuja na koti la chuo lenye nembo mfukoni, na nilishuka nalo bandarini Wete katika jua la saa saba ili watu walione. Waliliona. Mchukuzi mmoja aliniuliza kama nina homa. Siku ya pili yake koti lilikuwa msumarini na mimi nilikuwa juu ya mkarafuu, kwani ulikuwa msimu mkubwa, ule ambao miti huzaa kama imetukanwa, na katika msimu kama huo hakuna mwanafunzi, hakuna fundi wala mwalimu. Kila mwenye mikono anachuma. Unapanda alfajiri, unavuta matawi kwa upembo, ule mti wenye ndoano, mpaka shingo inakataa kugeuka, na alasiri unashuka na gunia lako huku miguu ikitetemeka. Hapo ndipo kazi inapoanza upya. Karafuu zinatoka mtini na makonyo yake, vile vijiti vyake, na lazima zitenganishwe siku ile ile. Ukizilaza zilivyo zinapata joto, zinabadilika rangi, na jasho lako lote halina bei. Basi kila jioni kila ua ulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka watu wenye vidole vyeusi, wanachambua, wamechoka hata hawana nguvu ya kusengenya. Na Pemba, mtu akishindwa kusengenya, jua amechoka.

Ilikuwa pia zama za siasa. Wasiozikumbuka hawana hasara. Watu wa chama hiki hawakununua dukani kwa watu wa chama kile, hawakula harusini kwao, na kuna maiti waliozikwa na watu pungufu kwa sababu ya kadi iliyokuwa mfukoni mwa marehemu. Kitu kimoja tu kilikuwa bado hakijagawanywa, nacho ni timu ya mpira ya visiwa vyetu. Tuliiita timu yetu, ingawa takriban wachezaji wote walikuwa watu wa Unguja na mmoja tu ndiye aliyesemekana kuwa mama yake katoka Chake. Taifa lenyewe lilikuwa bado liko mikononi mwa wengine, lakini timu ilikuwa yetu, na mwaka ule ilikuwa nzuri. Ilikuwa ikifunga watu bila hata kutoka jasho. Katika nusu fainali ya kombe lile la mtoano ilipangiwa timu dhaifu kuliko zote, ambayo siitaji hapa kwa sababu watoto wa wachezaji wake ni watu wazima na baadhi yao ni rafiki zangu. Hakuna aliyefikiri kama kuna mechi. Watu walikuwa wakibishana juu ya idadi ya magoli.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa mtu mwema mwenye mdomo mbaya. Nalisema hili kwa mapenzi. Angekupa shati lake, kisha akakuudhi kabla hujalivaa. Siku chache kabla ya mechi alikwenda Konde, akakaa kwenye baraza la kahawa, na hapo alikuwapo fundi cherehani mmoja wa chama kingine, mzee mwembamba aliyekuwa na ulimi kama mkasi wake. Wawili hao hawakuwa wakisalimiana tangu mwaka uliopita. Yaliyosemwa niliyasikia baadaye kwa watu wengi, na kwa ajabu wote waliyasimulia namna moja.

“Timu yenu hiyo itarudi imebebwa,” fundi alisema, si kwa shemeji bali kwa kikombe chake.

“Yenu?” shemeji akasema. “Kwani weye mtu wa wapi?”

“Miye nashona. Nguo iliyooza naijua hata ikiwa na rangi nzuri. Beki zile zimeoza.”

“Zimeoza? Wale watatiwa sita.”

“Sita!” fundi akacheka. “Huyu hata senti sita za dukani hajui kuzihesabu.”

Watu wakacheka, na shemeji hakuweza kuvumilia kuchekwa. Akasimama, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba: “Nyote mashahidi. Timu hino ikitolewa na watu wale, basi mke wangu kaachika.”

Wanasema muuza kahawa aliacha kugonga vikombe.

Wasiokulia kwetu huenda wakadhani hayo ni maneno tu ya hasira. Si hivyo. Talaka ya sharti ni talaka. Mtu akisema mke wangu kaachika likitokea jambo kadha, na jambo hilo likatokea, basi kaachika, awe ametaka au hakutaka, awe amelia machozi au damu. Na shemeji alikuwa ameshatumia mbili kati ya talaka zake tatu. Ya kwanza ilikuwa kwa sababu ya samaki aliyeungua. Ya pili kwa sababu dada alikwenda kwenye harusi ya watu wa chama kingine. Mara zote mbili alijuta kabla ya jua kutua, na wakarejeana eda haijesha. Ilikuwa imebaki moja. Hiyo ikitoka, hakuna kurejeana tena mpaka mke aolewe na mume mwengine na aachwe naye, jambo ambalo kijijini kwetu lilikuwa aibu kuliko talaka yenyewe. Watoto walikuwa watatu, na mdogo alikuwa hajaanza kutembea.

Kwa hiyo yule mtu aliiweka ndoa yake yote juu ya miguu ya vijana kumi na mmoja wasiomjua, kwa sababu alikuwa na hakika. Aliapa vile mtu anavyoapa kuwa kesho jua litachomoza. Hilo ndilo kosa letu, na nimeliona tangu wakati ule kwa watu waliosoma zaidi yake. Hatuapi tukiwa na shaka. Tunaapa tukiwa na hakika.

Alirudi kwa miguu, lakini habari ilirudi kwa gari la abiria, basi alipofika mlangoni dada alikuwa anajua neno kwa neno. Mimi nilikuwapo. Nilitegemea kilio. Dada alimtazama, kisha akaendelea kuchambua.

“Kwa hivyo ndoa yangu iko Nairobi,” alisema.

“Watashinda,” shemeji akasema. “Watashinda, mama. Timu ile hata goli haina.”

“Kombe lenyewe kubwa?”

Akaenda kunawa miguu. Nikamfuata dada pembeni, nikamuuliza kama amekasirika. Akanionyesha magunia matatu yaliyokuwa bado hayajafunguliwa. “Hasira nitaitoa wapi?” alisema. “Nishachoka kwa leo.”

Mimi nikaona huu ndio wakati wa elimu yangu kufaa kitu. Nilikwenda kwa Shehe wa msikiti wetu, mtu mpole aliyesoma Unguja kwa miaka mingi, nikamtolea hoja juu ya nia, juu ya mtu anayesema bila kukusudia, na nadhani nilimtaja na mwanafalsafa mmoja wa Kijerumani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Shehe yule alikuwa na adabu mno.

“Nia huulizwa neno likiwa na shaka,” alisema. “Hili lina shaka gani? Kasema kaachika.”

“Hawezi kulirudisha?”

“Likishatoka limetoka. Tuombe Mungu vijana wale waamke vizuri.”

Siku ya mechi tulishuka mitini mapema. Shemeji alikuwa hajala kitu cha maana tangu siku ile ya kahawa. Redio yake, kubwa kama kabati la watoto, aliyoinunua kwa karafuu za msimu uliopita, aliitoa akaiweka juu ya meza barazani, na waya wake ukapandishwa juu ya mfenesi. Kabla watu hawajajaa, dada aliniita ndani. Alikuwa amekaa nyuma ya mlango na ungo wake, mtoto mdogo amelala mgongoni.

“Matangazo ya Kizungu haya?”

“Ndiyo.”

“Basi weye ndiye utakayejua mwanzo.”

“Ndiyo.”

“Wakitolewa, utasema?”

Nikaanza kumweleza kwamba jambo hili lina pande nyingi. Akanikata.

“Usinisomeshe. Utasema au hutosema?”

“Ntasema.”

“Usije ukanionea huruma nikakaa haramu na mtu. Huruma hiyo siitaki. Na Wete wapo wengine wanaojua Kizungu, kesho asubuhi habari itakuja na gari.”

Nikaapa kuwa nitasema kweli. Akanitazama kwa namna ambayo nilitamani kulirudisha lile neno naapa.

Watu walikaa barazani na uani, kila mmoja na lundo lake la karafuu mbele yake, kwa sababu karafuu hazingojei mpira. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia la kanga, wakichambua vilevile. Shehe alikuja akapewa mahali pa kuegemea ukuta. Mimi nikapewa kiti, nikakaa juu yao wote kama kadhi. Mechi ilikuwa karibu kuanza tuliposikia hodi, na aliyeingia ni fundi cherehani. Katika ua ule hakuwa ameweka mguu kwa zaidi ya mwaka. Uso wake ulikuwa umesawijika.

“Miye leo ni wa timu,” alisema akiwa bado amesimama.

Shemeji akamwonyesha mkeka. “Kaa,” akasema. “Lakini usiseme kitu.”

Fundi akakaa mwisho kabisa wa mkeka, akajivutia kilundo cha karafuu za watu, akaanza kuchambua bila kuambiwa.

Kazi ya kutafsiri mpira niliidhania nyepesi. Kiingereza nilikuwa nacho, na kingi. Nisichokuwa nacho ni mpira. Shuleni nilikuwa yule anayeshikishwa nguo za wenzake. Na yule mtangazaji hakunisaidia, kwani alikuwa mtu anayependa mambo yaliyo pembeni.

“Kasema nini?” watu wakauliza.

“Anasema mke wa gavana amevaa kofia ya buluu.”

“Kwani anacheza?”

“Hapana. Amekaa tu.”

“Basi mwache akae. Mpira uko wapi?”

Nikawaambia uko upande wa kushoto. Wakauliza kushoto kwa nani. Sikujua. Nilikuwa nikitumia Kiswahili cha vitabuni, nikisema mlinzi wa pembeni na mshambuliaji wa kati, na kijana mmoja akamwomba Shehe atafsiri tafsiri yangu. Lakini timu yetu ilikuwa ikicheza vizuri, hilo lilisikika hata kwa mtu kama mimi, na haukupita muda mrefu winga wetu akawapita mabeki wawili, akapiga, na mtangazaji akapiga ukelele ambao haukuhitaji tafsiri. Ua mzima ukainuka. Makonyo yalirushwa juu kama mchele wa harusi. Shemeji alirudiwa na damu. Akaanza kutembea huku na huku, akamtupia fundi jicho, akaita kuelekea pazia: “Haya huko ndani! Mmesikia? Bado tano!”

Kutoka ndani nilichosikia ni karafuu zikianguka kwenye ungo.

Nasikitika kusema kwamba timu yetu nayo iliamini kuwa bado tano. Wakaanza kucheza mpira wa kujionyesha, kupiga chenga, kurudisha nyuma, kucheka. Mtangazaji alisema wanacheza kama watu waliokwenda pikiniki. Nikatafsiri kuwa wanacheza kama watu wa mandari. Shehe akatikisa kichwa. Baada ya hafutaimu wale wanyonge wakapata mpira mmoja, mmoja tu, na golikipa wetu alikuwa mahali ambapo golikipa hapaswi kuwa.

“Wapinzani wamesawazisha,” nikasema.

Watu wakanitazama.

“Wamesawazisha nini?” fundi akauliza kwa sauti ndogo, akasahau kuwa amekatazwa kusema. “Kusawazisha kazi ya seremala. Sema wametia.”

“Wametia.”

Kisha wakatia tena. Hilo nililisema taratibu, na nikajishangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa ya kawaida, kama ninayetaja bei. Shemeji alikuwa amechuchumaa, viganja juu ya kichwa. Pazia lilikuwa fupi, na kwa chini yake nilikuwa nauona mkono wa dada hadi kiwiko. Haukusimama. Unachukua kishada, unapindua kiganjani, karafuu huku, makonyo kule. Mpaka leo nikisikia mtu akisema fulani ana moyo mkubwa, sioni moyo, naona mkono ule.

Dakika zilikuwa zinakwisha. Mtangazaji alikuwa ameshaanza kuwasifu washindi na kueleza habari za usafiri wao wa kurudi nyumbani, nami hayo sikuyatafsiri. Niliona si mpira, sawa na ile kofia. Fundi alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda. Mtu aliyesema kuwa timu itarudi imebebwa sasa alikuwa akiombea ishinde kuliko sisi sote, kwa sababu ikifungwa atakuwa ametabiri kweli, na nani atampelekea nguo kushona mtu aliyevunja nyumba kwa ulimi? Ikaja kona. Mpira ukapigwa, ukamgonga mtu, ukamgonga mwengine, na kwa mujibu wa mtangazaji hakuna aliyekusudia, lakini ukaingia.

“Umeingia!” nikapiga kelele. “Wetu! Umeingia!”

Shemeji na fundi walikumbatiana. Walikumbatiana vizuri, vifua kwa vifua, kisha nadhani kila mmoja akakumbuka kadi ya mwenzake, wakaachana na kujipangusa.

Mbili kwa mbili, na kwa kuwa ni mtoano, wakaongezewa muda. Kule Nairobi walikuwa wamechelewa kuanza kwa ajili ya kupeana mikono na wakubwa, na sisi kwetu jua lilikuwa limekwisha. Nusu ya kwanza ya muda wa nyongeza ilikuwa ndio kwanza imekwisha, bila goli, tuliposikia adhana ya magharibi.

Sala nyengine zina nafasi. Magharibi haina nafasi, na Shehe mwenyewe ndiye imamu. Alikuwa wa kwanza kuinuka. Watu wakaweka chini karafuu zao mmoja mmoja, wakanawa, wakaanza kutoka. Shemeji alibaki amechuchumaa.

“Twende, bwana,” Shehe akamwambia. “Watacheza, uwepo usiwepo.”

“Shehe, miguu haina nguvu.”

“Ndiyo maana tunakwenda kuinama.”

Na mimi nilipoanza kuinuka Shehe akaniwekea mkono begani. “Weye kaa. Wakati haujatoka, utaswali nyumbani. Lazima awepo shahidi.”

Wakaondoka wote. Nikabaki mimi na redio, na ua uliojaa malundo. Pazia likafunguliwa, dada akatoka na ungo wake, akakaa kwenye kizingiti. Wanawake wengine walikuwa wanaswali ndani; yeye alikuwa katika siku zake, hana sala. Mtoto alikuwa bado mgongoni.

“Wako wapi sasa?” akauliza.

“Katikati.”

“Katikati si pabaya.”

Nilimtafsiria yeye peke yake, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisema kwa lugha yetu ya nyumbani: yuno kampa yuno, yuno kaanguka. Wetu wakatia la tatu. Dada akasema alhamdulillahi kama mtu aliyerudishiwa sufuria yake. Nikafikiri yamekwisha. Nilikuwa najinyoosha pale mtangazaji alipoinua sauti, kisha akaishusha, na nikasikia neno ambalo hata mimi nililijua.

“Nini?” dada akasema. “Uso wako umebadilika.”

“Penalti. Wamepewa wao.”

“Ndiyo nini?”

“Mtu mmoja anawekewa mpira karibu na goli. Golikipa anasimama peke yake. Hakuna mwengine anayeruhusiwa kumsaidia.”

“Na wengine wote?”

“Wanasimama nyuma, wanatazama.”

“Aha,” akasema. “Kama ukoo.”

Mtangazaji akanyamaza. Ni wazi kwangu sasa kuwa zilikuwa ni sekunde chache, lakini katika kimya kile nilisikia mambo mengi: mbuzi wa jirani, maji yakidondoka kwenye kata, na kutoka msikitini, Shehe akisoma Fatiha ya rakaa ya pili. Kisha mlio, halafu mlio mwengine, halafu watu elfu wakiguna pamoja. Golikipa wetu aliugusa kwa ncha za vidole, ukagonga mwamba, ukarudi kwa yule yule aliyeupiga, na goli liko wazi, naye akaupaisha juu. Sijui jina lake. Nimemwombea dua mara nyingi kuliko baadhi ya jamaa zangu.

“Kakosa,” nikasema.

“Nani?”

“Wao. Na firimbi imelia. Kwisha. Tumepita.”

Dada aliegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikatulia juu ya karafuu.

“Nimechoka, ndugu yangu,” akasema baadaye. “Nimechoka kama niliyecheza miye.”

Nikamuuliza swali la kijinga, la mtu wa chuo. Nilimuuliza kama kweli alitaka wapite.

“Refa kaulizwa,” alisema bila kufumbua macho. “Golikipa kaulizwa. Mpaka yule aliyekosa kaulizwa na mguu wake. Miye sijaulizwa na mtu, nawe usianze leo.”

Watu wa msikitini kwa kawaida walibaki kwa uradi na sunna. Shemeji hakubaki. Tulimwona anaingia uani peke yake, kofia imepinda, anatembea kama anayekanyaga mayai. Redio nilikuwa nimeizima. Akasimama mbali nasi, akanitazama mimi, kisha akainamisha macho. Alitaka kuuliza, na ule mdomo uliokuwa haujawahi kukosa neno ulikosa.

Nikafungua wangu. Dada akaniwahi.

“Umeswali?” akamuuliza.

“Nimeswali.”

“Fatiha umeisoma?”

Akafikiri. Mtu wa mzaha yule, lakini katika sala hakusema uongo. “Sikumbuki,” akasema. “Nilikuwa nyuma ya imamu. Sijui nilisoma nini.”

“Basi huna sala. Ingia ndani ukarudie.”

“Mama…”

“Sala mwanzo. Wakati unatoka.”

Akanitazama tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikatazama mfenesi. Akapita kando ya dada, akaingia ndani, na tukamsikia akitoa takbira. Alikuwa anaswali bila kujua kama aliyekaa mlangoni ni mke wake au si mke wake. Sijawahi kumsikia mtu akisoma Fatiha vile, herufi kwa herufi, kama anayevuka mto juu ya gogo la mnazi.

Hapo wenzake wakarudi kutoka msikitini, wote kwa pamoja, na mimi sikuhitaji kusema. Niliinua tu mkono juu. Makelele yakapasuka. Fundi cherehani alianguka hapo hapo alipokuwa kwa sijda ya shukrani, na alipoinuka paji lake la uso lilikuwa limegandwa na makonyo. Vijana wakaanza kupiga makopo. Ndani, sauti ya shemeji ilikatika katikati ya aya. Tukasikia mtu anavuta kamasi. Kisha akaanza tena, aya ile ile, toka mwanzo wake, akaenda nayo mpaka mwisho, akarukuu.

Alipotoka, macho mekundu, hakuwaendea wanaume. Alisimama mbele ya dada, ambaye alikuwa amerudi kwenye ungo wake, na watu wakapunguza kelele bila kuambiwa.

“Sitosema tena neno lile,” alisema. “Wallahi…”

“Usiape,” dada akasema.

Akafunga mdomo. Nilimwona akilimeza lile neno, likishuka kooni kama tonge kavu. Kisha akavua kofia, akakaa kwenye mkeka karibu yake, akavuta lundo na kuanza kuchambua. Alichambua vibaya, makonyo yanaingia kwenye karafuu. Dada alilivuta lundo lake, akalirudia lote, akamsukumia jingine.

Fundi aliyaona hayo akaona bora aage. Akafika kwenye uzio, akageuka, ile furaha bado imemjaa.

“Na fainali Jumapili,” akasema. “Redio itafunguliwa?”

Wote wawili wakainua vichwa, mume na mke, wakamtazama kwa pamoja. Fundi akasema ana nguo ya mtu, akaenda zake. Nami nikakimbilia maji ya kutawadha, kwani mwanga ulikuwa unakwisha na sikuwa nimeswali.